Kabla hujauza ploti kwa ajili ya sindano ya goti

Siku hizi mtu akichechemea kidogo tu hapa Mombasa, hakosi wa kumwelekeza. Zamani angeambiwa akachuliwe kwa mafuta ya mnyonyo, akandwe kwa maji moto au apigwe chuku. Sasa anatumiwa video. Daktari kavaa koti jeupe, nyuma yake kuna mashine inazunguka, na chini yameandikwa maneno makubwa: seli shina, gegedu jipya, bila kupasuliwa. Mwisho wa video kuna namba ya simu. Mwezi huu pekee nimeletewa video za namna hiyo na watu watatu, mmoja wao shangazi yangu wa Malindi, ambaye magoti hayajampa raha kwa miaka na ambaye, kusema kweli, haoni kwa nini anisikilize mimi wakati daktari wa kwenye simu ameshamwambia atapona.

Ningeyaacha yapite kama yangebaki kwenye simu. Lakini yameingia mifukoni. Katika makundi yetu ya WhatsApp ya mtaa, baina ya tangazo la maziko na tangazo la harusi, sasa kuna mchango wa sindano ya goti. Kijana wa timu aliyeumia apelekwe Nairobi, mama wa fulani apelekwe India. Fedha zinazotajwa ni za kuuza ploti. Basi tuelezane kwa lugha yetu ni kitu gani hasa tunachokilipia.

Seli shina ni seli ambayo bado haijapewa kazi maalumu mwilini, na ambayo yaweza kuzaa seli zenye kazi mbalimbali. Kwa miongo mingi hospitali kubwa duniani zimetumia seli shina za damu, zinazotoka kwenye uboho wa mifupa, kutibu saratani ya damu na maradhi mengine ya damu. Tiba hiyo imethibitishwa na haina ubishi. Sifa yake ndiyo inayoazimwa na wauzaji wa sindano za goti, ingawa seli wanazozizungumzia wao ni nyingine kabisa.

Hizo za kwao hutolewa kwenye uboho wa nyonga, kwenye mafuta ya tumbo, au kwenye kitovu cha mtoto anapozaliwa. Mwaka 1991 mwanasayansi wa Marekani, Arnold Caplan, ndiye aliyezipa jina la seli shina, kwa sababu maabara ziliweza kugeuka mfupa, gegedu na mafuta. Jina likapendwa. Mwaka 2017 Caplan huyo huyo aliandika akiomba jina libadilishwe. Alisema ndani ya mwili wa mgonjwa seli hizi kazi yake kubwa ni kutoa kemikali za kuziashiria seli nyingine, wala hazigeuki kuwa kiungo kipya, na kwamba jina lile linawapotosha watu. Aliyempa mtoto jina anataka alibadilishe, nasi bado twauziwa kwa jina la kwanza.

Tena kuna hesabu. Kwenye uboho seli hizi ni chache mno, takriban moja katika kila seli 10,000 hadi 100,000. Ukitaka ziwe nyingi, yabidi zioteshwe maabara kwa wiki kadhaa. Kliniki unayoingia asubuhi ukatoka adhuhuri haiwezi kuifanya kazi hiyo. Inachokudunga ni uboho wako au mafuta yako yaliyochujwa, yenye seli hizo kiasi kidogo.

Halafu iko sindano ya bei ya chini kidogo, wanayoiita PRP. Hii si seli shina hata kidogo, ijapokuwa matangazo mengi huzichanganya. Damu huchotwa mkononi, ikazungushwa kwenye mashine mpaka itengane, kisha ile sehemu yenye chembe sahani nyingi, zile zinazogandisha damu kwenye jeraha, ikadungwa gotini au kwenye kano. Watu wa hijama huitoa damu wakaimwaga, hawa huitoa wakairudisha. (Nilimwambia hivyo rafiki yangu daktari akacheka, kisha akaniambia nisiandike.)

Hamu ya kupata gegedu jipya ina sababu. Gegedu ni kile kitu cheupe, laini, unachokiona mwisho wa mfupa ukila paja la kuku. Halina mishipa ya damu, ndiyo maana likilika halioti tena kama ngozi. Mchezaji wa miaka 22 aliyepoteza kipande cha gegedu ana shida ya kweli, na mama wa miaka 65 ambaye limechakaa lote ana shida ya kweli pia, ingawa si shida moja. Matangazo huwaweka wote wawili kwenye kiti kimoja.

Majina makubwa ndiyo yaliyoipa biashara hii kasi. Mwaka 2010 mchezaji wa besiboli Bartolo Colón, wa Jamhuri ya Dominika, alidungwa seli za mafuta na uboho wake mwenyewe kwenye bega na kiwiko, na mwaka uliofuata akarudi uwanjani na New York Yankees. Mwaka 2014 ikatangazwa kwamba Rafael Nadal anatibiwa mgongo kwa seli. Tangu hapo hakuna kliniki isiyo na picha ya mwanamichezo ukutani. Lakini hawa ni watu wenye fizio wao, mpishi wao, na miezi ya mapumziko inayolipiwa. Kipi katika hivyo vyote kiliwaponya? Kwa mtu mmoja hutapata jibu. Jibu hupatikana kwa kuwagawa wagonjwa wengi kwa kura, hawa wadungwe dawa na wale wadungwe maji ya chumvi, bila yeyote kujua kadungwa nini, kisha wakafuatiliwa.

Majaribio hayo yamefanywa. Australia waliwachukua watu 288 wenye magoti yaliyochakaa, nusu wakadungwa PRP na nusu maji ya chumvi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2021. Baada ya miezi 12 hapakuwa na tofauti ya maana, si kwa maumivu wala kwa gegedu lilivyoonekana kwenye picha. Mwaka huo huo Uingereza ilitoa matokeo ya watu 240 wenye maumivu ya kano ya kisigino: PRP haikuishinda sindano ya kuigiza. Huko Doha, waliko vijana wetu wengi, hospitali ya wanamichezo ya Aspetar iliwafuatilia wanamichezo 90 waliochanika misuli ya nyuma ya paja. Waliodungwa PRP pamoja na mazoezi ya fizio hawakurudi uwanjani mapema kuliko waliofanya mazoezi peke yake. Hayo yalichapishwa mwaka 2015.

Hizo zote ni za PRP. Seli zenyewe zilipimwa Marekani kwa wagonjwa 475, matokeo yakatoka 2023. Kundi moja lilipata uboho, jingine mafuta, jingine seli za kitovu, na jingine lilidungwa steroidi, ile sindano ya siku zote ambayo hospitali nyingi zinayo na bei yake ni ndogo. Baada ya mwaka mzima hakuna sindano ya seli iliyoishinda ile ya steroidi.

Katika lile jaribio la Australia kuna jambo ambalo ningependa kila anayechangisha alijue. Waliodungwa maji ya chumvi nao walisema wamepata nafuu. Kwenye kipimo cha sifuri mpaka kumi, maumivu yao yalishuka karibu alama mbili, sawa sawa na wenzao. Ndiyo maana ushuhuda wa jirani hautoshi. Jirani hasemi uongo, goti lake kweli limepoa. Lakini maumivu ya viungo hupanda na kushuka yenyewe, na mtu hukimbilia sindano siku yamempanda. Ongeza daktari mpole, mashine inayozunguka na deni kubwa: nani atakayerudi nyumbani aseme haikufaa kitu?

Sitaki msomaji aondoke akidhani yote ni ulaghai, maana si kweli. Kuna majaribio madogo ya PRP yaliyoonyesha nafuu kiasi, na madaktari waaminifu bado wanabishana. Iko pia tiba ya seli ya goti ambayo imepita kwenye tundu la sindano. Mwaka 1994 madaktari wa Sweden walieleza jinsi walivyochukua seli za gegedu la mgonjwa mwenyewe, wakaziotesha maabara, wakazipanda tena palipobomoka. Kutokana na njia hiyo Marekani iliidhinisha mwaka 2016 tiba iitwayo MACI. Korea Kusini iliidhinisha mwaka 2012 dawa ya seli za damu ya kitovu, Cartistem, na India mwaka 2022 ikaidhinisha moja ya kudunga goti lililochakaa. Lakini angalia zilivyo. MACI hutaka maabara iliyosajiliwa, daktari wa upasuaji, na miezi mingi ya mazoezi baadaye, na humfaa mwenye tundu kwenye gegedu, haimfai ambaye goti lote limekwisha. Na India hiyo hiyo, miongozo ya baraza lake la utafiti wa tiba ya mwaka 2017 inasema kwamba nje ya magonjwa yaliyokubaliwa ya damu, tiba za seli shina ni utafiti na zitolewe ndani ya utafiti tu. Kwa hiyo mgonjwa wetu anayeshuka kwenye ndege huko aweza kuangukia kwenye kilichoidhinishwa au kwenye kisichoidhinishwa, na kwa sura majengo yote ni mazuri.

Kuhusu madhara, wauzaji husema: ni seli zako mwenyewe, zitakudhuru vipi? Wanawake watatu wa Florida walidungwa machoni seli za mafuta yao wenyewe mwaka 2015, wakapoteza uwezo wa kuona. Mwaka 2018 watu 12 Marekani walilazwa kwa maambukizi ya bakteria baada ya kudungwa bidhaa za damu ya kitovu, wengi wao kwa ajili ya maumivu ya viungo na mgongo. Bakteria kuingia ndani ya goti ni balaa, wanaweza kulimaliza gegedu lililobaki kwa siku chache.

Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilizishtaki kliniki za Florida na California. Ilishinda Florida mwaka 2019, na California ikashinda kwenye rufaa mwaka 2024. Hadi hapo ungedhani maneno yamekwisha. Kumbe mwaka 2025 jimbo la Florida likapitisha sheria yake, iliyoanza kutumika Julai, inayowaruhusu madaktari kutoa tiba za seli shina zisizoidhinishwa na FDA kwa mifupa, maumivu na vidonda, ilimradi mgonjwa aarifiwe kwa maandishi kwamba hazijaidhinishwa. Hilo latuhusu. Najua tangazo litakavyosomeka likifika Nyali au Mtwapa: "Tiba iliyoruhusiwa Marekani." Lile karatasi la kumwarifu mgonjwa halitapanda ndege.

Na hapa kwetu? Baraza la madaktari, KMPDC, husajili madaktari na hospitali, na Bodi ya Dawa na Sumu husajili bidhaa. Watu huchanganya hayo mawili, na kliniki nyingine hufurahi wakichanganya. Leseni iliyotundikwa ukutani yasema huyu ni daktari na chumba hiki ni kliniki. Haisemi kwamba kilichomo ndani ya bomba la sindano kimepimwa. Orodha ya madaktari waliosajiliwa iko kwenye tovuti ya baraza na kila mwenye simu aweza kuitazama. Swali la pili, la bidhaa, mgonjwa anatakiwa aiulize kliniki yenyewe: hiki unachonidunga kina usajili wa Bodi ya Dawa? Kama ni utafiti, kibali cha kamati ya maadili kiko wapi, na kwa nini mimi ndiye ninayelipa?

Mwanamichezo ana jambo jingine la kuogopa. Shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, WADA, liliwahi kukataza PRP ya kwenye misuli mwaka 2010, likaiondoa kwenye orodha mwaka uliofuata. Lakini seli zinazoweza kuongeza uwezo wa mchezaji zimo kwenye orodha, na vilevile dawa mbili zinazouzwa mitandaoni kama za kuponya kano haraka, BPC-157 na TB-500. Baadhi ya kliniki ulimwenguni huzitoa sambamba na sindano za seli. Kenya imeshapoteza wakimbiaji wengi kwa kufungiwa, na kanuni haijali kama uliambiwa ni vitamini. Mchezaji wa ligi yetu apige simu kwanza kwa wakala wa kitaifa, ADAK, kabla ya kukunja suruali.

Nirudi kwenye michango. Mtaani kwetu kuna winga mmoja, hodari, aliyegeuza mguu kwenye uwanja wa changarawe na goti likavimba usiku ule ule. Ndani ya wiki mbili lilifunguliwa kundi la kuchanga shilingi 350,000 za sindano ya seli kwenye kliniki moja, sitaitaja. Niliuliza kwenye kundi: picha ya MRI imeonyesha nini? Kimya. Kisha mmoja akaniandikia, "Ndugu mwandishi, kama huna cha kuchanga tuachie sisi." Ikaja kubainika kwamba kijana alikuwa amepigwa eksirei tu, nayo eksirei huonyesha mfupa. Ligamenti na gegedu havionekani humo. Yaani mtaa mzima ulikuwa unachangia dawa ya ugonjwa ambao hakuna aliyeujua.

Mshika fedha wetu, mzee aliyewahi kuwa refa, aliamua bila kupiga kura. Fungu la kwanza likalipia MRI na daktari wa mifupa asomaye picha, la pili likalipia fizio. Ligamenti moja ilikuwa imechanika nusu, gegedu zima. Sasa kijana yuko mwezi wa nne wa mazoezi, anayachukia, na kila Jumapili huuliza kama aweza kucheza. Jibu ni bado. Hata waliopasuliwa kwa ligamenti ya goti, utafiti wa Norway na Marekani wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi mmoja wa kusubiri, mpaka mwezi wa tisa, ulipunguza uwezekano wa kuumia tena karibu kwa nusu. Hakuna sindano iliyowahi kuonyesha matokeo kama hayo ya kungoja tu na kufanya mazoezi.

Kwa kina mama wenye magoti yaliyochakaa, dawa iliyothibitishwa haina mvuto wa video: kuimarisha misuli ya paja kwa mazoezi yanayoongozwa, na kupunguza uzito. Watafiti wa Marekani walipima wakakuta kila kilo moja unayoipunguza hulipunguzia goti mzigo wa kilo nne katika kila hatua. Shangazi nilipomwambia hivyo alinitazama, akaitazama sahani ya mahamri mezani, akaniuliza kama nimekuja kumsalimia au kumnyima staftahi. Na goti likifika mwisho kabisa, kuna upasuaji wa kubadilisha kiungo, ambao ni ghali lakini unajulikana unachofanya.

Na kuzuia, je? Mwaka 2008 yalitoka matokeo ya jaribio la Norway kwa wasichana wapatao 1,900 wa miaka 13 hadi 17 wanaocheza kandanda. Timu zilizopasha mwili moto kwa utaratibu maalumu wa dakika 20, unaoitwa 11+, zilipata majeraha mabaya karibu nusu tu ya yale ya timu nyingine. Unahitaji uwanja, mpira na kocha aliyefundishwa. Kilifi kuna shirika la kandanda la wasichana, Moving the Goalposts, tangu 2001, na wasichana ndio wanaochanika ligamenti ya goti mara nyingi zaidi kuliko wavulana. Mwalimu wa michezo anayesoma hapa anaweza kuanza kesho jioni.

Afya ni kazi ya kaunti tangu ugatuzi uanze 2013. Kaunti zetu sita za Pwani hununua jezi na vikombe kila msimu, na wanasiasa hupiga picha navyo. Sijaona mashindano ya wadi ambayo nyuma ya goli amekaa fizio mwenye barafu na bendeji. Kijana wa Lamu au Tana River akiumia, hukaa nyumbani mpaka uvimbe ushuke, akacheza tena, akaumia vibaya zaidi, na hapo ndipo video ya koti jeupe inamkuta. Kabla ya bajeti ijayo kupitishwa kutakuwa na vikao vya wananchi. Mishahara ya fizio mmoja kwa kila kaunti ndogo, pamoja na kuwafundisha makocha zile dakika 20, ni jambo la kusimama na kuliuliza pale, kwa jina la idara na kwa kiasi cha fedha, mbele ya waziri wa afya wa kaunti na yule wa michezo wakiwa wamekaa pamoja.